Milango ya Chokaa

Nchi ninayoisimulia usiitafute kwenye ramani, msomaji wangu. Ukimwona humu mtu unayemfahamu, hilo ni lako na macho yako. Mwenye kuwashwa ajikune mwenyewe. Mimi nasimulia habari za wanyama wa Bondekuu, na wanyama, kama tunavyohakikishiwa kila siku, hawana siasa.

Bondekuu ilikuwa nchi yenye utaratibu. Mfalme wake alikuwa Kifaru, mwenye pembe mbili na macho mabovu. Ya karibu hakuyaona, na ya mbali aliambiwa. Aliyemwambia mengi zaidi alikuwa Tumbusi, Waziri wa Afya. Naam, Tumbusi, usishangae. Raia walipouliza kwa nini afya yao imekabidhiwa ndege anayekula mizoga, walijibiwa kwamba hakuna mwingine aliyekaa karibu na wagonjwa kwa miaka mingi kama yeye. Hilo lilikuwa kweli, na Waziri alikuwa amenenepa.

Mchana wanyama walifanya kazi, jioni walikwenda vilabuni. Majengo ya vilabu yalikuwa mali ya wakubwa, lakini wakubwa walitoa paa, kuta na mabenchi tu. Pombe ilikuwa ya wahudumu. Kila mhudumu alipika mtama wake nyumbani, akachuja, akajitwika mtungi hadi kilabuni na kuuza akichota kwa kata yake mwenyewe. Ndivyo ilivyokuwa tangu enzi za mababu, na mambo ya mababu hayaulizwi, kwa hiyo hakuna aliyewahi kukaa akafikiri ni nani hasa aliyemhitaji mwenzake.

Ndani ya vilabu hivyo kulikuwa na moshi. Tumbaku ililimwa katika mashamba ya Mfalme, ikasokotwa, ikauzwa, ikavutwa mpaka kuta zikawa nyeusi. Mlevi alivuta, akanywa, akaenda zake akapunga upepo. Mhudumu alibaki ndani tangu alasiri hadi mteja wa mwisho aondoke, akivuta kiko cha kila mmoja bila kushika kiko mkononi.

Katika kilabu cha mtoni alihudumu Digidigi, mjane mwenye binti mmoja. Wenzake aliojifunza nao kupika walikuwa wamekwisha, mmoja baada ya mwingine, kwa kikohozi kile kile, na kila mara Wizara ilitangaza kuwa ni mafua. Yeye mwenyewe alikuwa ameanza kukohoa. Hilo hakuliogopa sana. Aliogopa kwamba binti yake alikuwa amefikia kimo cha kujitwika mtungi, na Bondekuu haikuwa na kazi nyingine kwa viumbe wadogo wasio na pembe.

"Mimi changu kimeshaharibika," alisema akijipigapiga kifua. "Lakini huyu chake bado kizima. Sitaki kiingie humu."

Aliyeambiwa maneno hayo alikuwa Nguchiro, mwosha vibuyu wa kilabu hicho hicho. Nguchiro alikuwa na mdomo ambao ungeweza kumtoa nyoka pangoni kwa hiari yake. Mwaka mmoja aliugua homa, ndugu zake wakamkimbia, na Digidigi akamlaza kitandani kwake akimnywesha uji mpaka akasimama. Tangu hapo alimwita dada, na binti alimwita mjomba.

"Dada, tusilie humu ndani ambamo hata chozi linakauka kwa moshi," alisema Nguchiro. "Tukalie barazani. Mimi nitasema, wewe utaonekana."

Wakazunguka kilabu hadi kilabu. Nguchiro alisema mpaka wahudumu wakalia, na Digidigi hakulazimika kusema kitu, alikohoa tu wakaelewa. Bahati ikawaangukia, maana wafalme wa nchi jirani walikuwa wameshapiga marufuku moshi kwenye vilabu vyao, na katika karamu moja walimtania Kifaru kwamba ananuka kama banda la kukaushia tumbaku. Mfalme alirudi nyumbani amenuna. Akatangaza kwamba kilio cha wanyonge kimemfikia, na kwamba sheria itatungwa.

Hapa lazima nieleze mila moja, maana bila hiyo hadithi hii haina miguu. Bondekuu sheria haikuwa sheria mpaka yule aliyeidai asimame mbele ya baraza na kusema, "Nimeridhika." Akishalitamka neno hilo, hawezi tena kulalamika juu ya jambo lile mpaka anaingia kaburini, wala mtu mwingine hawezi kulalamika kwa niaba yake. Wazee waliiona mila hii kuwa ya haki kupita zote duniani. Mlalamikaji ndiye mwenye neno la mwisho! Hawakuona kwamba neno la mwisho ni neno ambalo halifuatwi na jingine. Na kusema kwamba ungependa kwanza kusikia sheria yote ilikuwa kumtukana Mfalme, kama mgeni anayefunua vyungu vya mwenyeji kabla ya kunawa.

Siku ya baraza uwanja ulifurika. Tumbusi alisimama, akanyoosha shingo yake tupu.

"Kuanzia leo," alisema, "ni marufuku kuvuta tumbaku vilabuni, sokoni, njiani, vivukoni, na kila mahali wanapokusanyika wanyama. Atakayevuta atakamatwa na askari wa Ngiri, mkuu wa usalama."

Vigelegele vilipasua anga. Wahudumu walikumbatiana. Digidigi alimtafuta binti yake katika umati, akamwona amebebwa mabegani na swala asiyemjua, akalia kwa furaha bila kujificha.

"Mdai yuko wapi?" aliuliza Mfalme, akitazama upande ambao hakuwapo mtu.

"Upande wako wa kulia, Mtukufu," alisema Tumbusi.

"Ah. Mdogo hivi? Haya, umeridhika?"

Digidigi alifungua kinywa, kisha akasita. Katika baraza la Bondekuu, aliyemaliza kusema huketi. Tumbusi alikuwa bado amesimama. Digidigi akamgeukia Nguchiro aliyekuwa ubavuni pake, akanong'ona, "Kaka, mbona Waziri hajaketi? Kuna lililobaki?"

"Ni salamu tu, dada," alisema Nguchiro. "Ridhia upesi, wasije wakaghairi."

Kwa hiyo akaridhia. Alitamka neno lile kwa sauti yake yote, na ngoma zikapigwa.

Ngoma ziliponyamaza, Tumbusi akaendelea pale pale alipoachia. "Isipokuwa," alisema, "marufuku hii haitahusu kilabu ambacho mlango wake umepakwa chokaa ya Mfalme. Chokaa itatolewa na Wizara kwa wanaostahili." Ndipo akaketi.

Katika umati kila mmoja alingoja mwenzake aelewe kwanza. Bibi Kobe, mzee aliyekuwa amekaa mbele kabisa, akauliza, "Na hao wanaostahili ni akina nani, baba?"

"Wenye vilabu, bibi," alijibu Tumbusi kwa adabu.

"Mtukufu!" Digidigi alipiga kelele. "Hilo mimi sikuliridhia!"

"Nani huyo?" aliuliza Mfalme.

"Mdai, Mtukufu."

"Mdai si ameridhika? Au mila zimebadilika nikiwa nimelala?"

Mawaziri walicheka, kwa sababu Mfalme alikuwa ametania. Digidigi alinyoosha mkono kumshika Nguchiro ili wapaze sauti pamoja, na mkono ukashika hewa. Nguchiro alikuwa ameshavuka upande wa mawaziri. Ngiri alikuwa akimvika joho, na mpiga mbiu akitangaza kwamba Mfalme, kwa kuthamini sauti za wanyonge, amemteua ndugu Nguchiro kuwa Msemaji Mkuu wa Hewa Safi. Mteuliwa alikuwa akizitazama kucha zake kana kwamba ndiyo kwanza anaziona.

Wapo watakaosema Digidigi alikuwa mjinga. Mimi siwezi kusema hivyo. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo hizo huwezi kuzivua kila asubuhi kuzikung'uta, utaishi uchi.

Sheria ikaanza kazi. Mtu wa kwanza kukamatwa alikuwa Bibi Kobe. Jioni moja alikaa kando ya njia, peke yake, akavuta kiko alichoachiwa na marehemu mumewe, na hapakuwa na kiumbe karibu wa kudhuriwa na moshi wake. Askari wakakivunja kiko kwa kwato, wakamburuta kwa mguu hadi kituoni. Alipotoka alipita kwa Digidigi, akasimama mlangoni bila kuingia.

"Mwanangu," alisema, "tulikutuma hewa. Umetuletea marungu."

Digidigi angesema nini? Kwamba na yeye ameuzwa? Aliyepigwa hana nafasi ya kusikiliza habari za aliyedanganywa.

Wakati huo chokaa ilikuwa ikigawiwa. Walioipata walikuwa Mfalme, mashemeji wa Mfalme, mawaziri na marafiki wa mawaziri. Vilabu vya wengine, ambamo kweli tumbaku haikuvutwa, vilikimbiwa na wateja, vikafungwa kimoja kimoja. Wavutaji wote wa nchi wakabanana kwenye milango myeupe. Moshi uliokuwa umetawanyika katika vilabu vingi sasa ukakusanywa katika vichache, na wahudumu nao wakafuata huko, kwa sababu pombe haiuzwi mahali pasipo na mnywaji. Kilabu cha mtoni nacho kilipakwa chokaa. Mmiliki wake mpya alikuwa Msemaji Mkuu wa Hewa Safi.

Kabla ya mavuno Digidigi alianza kukohoa damu. Asubuhi aliyoshindwa kuinua mtungi, binti yake aliuinua.

"Weka chini," alisema Digidigi.

"Mama, tutakula nini?"

"Nimesema weka chini!"

Binti alimtazama mama yake kwa huruma, akajitwika vizuri, akatoka. Jioni aliporudi nguo zake zilinuka kilabu, na alikuwa akisafisha koo. Digidigi aliugeukia ukuta ili asionwe akilia. Uchungu wake mkubwa ulikuwa kwamba mambo yalikuwa vile vile ambavyo yangekuwa kama asingefanya lolote, ila sasa yalikuwa halali.

Kesho yake alijikokota hadi kwa Nguchiro, akamkuta barazani kwake akinywa maziwa.

"Dada! Karibu sana. Mbona hukutuma salamu nikuandalie kiti?"

"Sikuja kukaa. Naomba dirisha, kaka. Moja tu, pale nyuma wanaposimama wahudumu."

Nguchiro alitikisa kichwa kwa masikitiko ya kiofisi. "Ningependa kukusaidia, Mungu anajua. Lakini nikitoboa dirisha, moshi utatoka nje. Na nje ni marufuku, dada. Sheria wewe mwenyewe uliidai."

Digidigi alimkazia macho. "Siku ile Waziri aliposimama bila kuketi, ulijua?"

"Dada, mambo ya utawala yana..."

"Nimekuuliza neno moja."

Maziwa yalikuwa yanapoa. Nguchiro aliyakoroga, akayakoroga tena. "Nilijua," alisema. "Ningekataa wangempa mwingine. Heri mimi ninayewajali."

Digidigi alikuwa amejiandaa kwa uongo. Uongo angeuweza. Ukweli ule, uliosemwa kwa upole, kwa sauti ile ile iliyomwita dada alipokuwa akimnywesha uji, ulimkata ndani mahali ambapo kikohozi kilikuwa hakijafika. Alimchukia, na kilichomuumiza zaidi ni kwamba alikuwa bado anampenda. Akaondoka bila kuaga.

Njiani alipumzika kila baada ya hatua chache, na kila alipopumzika neno moja lilimrudia: nje ni marufuku. Alipofika nyumbani hakuingia. Alikwenda moja kwa moja kwenye nyumba za wahudumu, akigonga.

"Pombe ni ya nani?" aliwauliza.

"Yetu," walisema, wakishangaa swali.

"Na kilabuni tunafuata nini?"

"Paa."

"Basi kesho mitungi ikae kiwanjani, mbele ya milango yao. Yote. Asiingie hata mmoja wetu, maana akiingia mmoja tumekwisha."

Siku iliyofuata walevi walifika vilabuni, wakawasha viko vyao, wakaketi kwenye mabenchi, wakangoja. Ndani hapakuwa na tone. Wakachungulia. Nje mitungi ilikuwa imepangwa kwenye kivuli cha ukuta, kata zikining'inia, povu likitoka.

Nyati ndiye aliyetoka wa kwanza, kiko mdomoni. "Binti, nipimie."

"Zima kwanza, mzee," alisema binti wa Digidigi. "Hapa ni nje."

"Nani atanizuia?"

Hakuhitaji kujibiwa. Askari wa Ngiri, waliokuwa wamezoea kuwakamata wavutaji wa njiani, walimrukia Nyati kwa bidii ya mazoea kabla hawajakumbuka kwamba huyu ni shemeji wa Waziri. Ngiri mwenyewe alikuja mbio kumfungua, akiomba radhi mpaka akapiga magoti. Wahudumu walicheka siku ile kwa mara ya kwanza tangu baraza. Ngiri alizunguka mitungi akitafuta kosa, asilione. Hakuna sheria iliyokataza kunywea nje. Ikabidi walevi wachague baina ya kiko na kata, na wengi, baada ya kunung'unika, walichagua kata.

Wiki zikapita. Vilabu vya chokaa vilibaki na moshi wao. Mfalme akamtuma Nguchiro, naye akaja kiwanjani bila joho, akamkuta Digidigi amelazwa kwenye mkeka karibu na mitungi, maana alikuwa hawezi tena kukaa.

"Dada, mmeshinda, tumewasikia. Rudini ndani, nitatoboa madirisha mawili."

"Utaridhia wewe au nitaridhia mimi?" aliuliza Digidigi, na wahudumu wakaangua kicheko.

Nguchiro akainama karibu ili asisikike na wengine. "Vuli iko njiani. Hamna paa. Mvua ikianza kunyesha mtarudi wenyewe, na mimi sitakuwa na uwezo wa kuwasaidia. Mtafanya nini?"

"Tutalowa," alisema Digidigi.

Mvua zilinyesha, na walilowa. Nisikudanganye, msomaji, kwamba walevi wote walisimama nao. Wengi walirudi chini ya paa wakavuta na kiu yao. Lakini wahudumu hawakuingia, hata mmoja. Walifunika mitungi kwa nyungo, wakasimama kwenye tope, na walevi wenye kiu zaidi walikimbia kutoka mlangoni hadi kwenye kata na kurudi wakiwa chepechepe, mpaka wakaona uvivu kurudi. Binti wa Digidigi alilowa kila siku, akaugua mafua mara mbili, mafua ya kweli, yakapona.

Mama yake hakukiona kiangazi. Alikufa asubuhi ya mawingu, mkono wake ukiwa juu ya kifua cha mwanawe, akisikiliza pumzi zikiingia na kutoka.

Siku ya mazishi watu walijaa kuliko siku ya baraza. Hata Bibi Kobe alikuja. Juu angani Waziri wa Afya alizunguka mara kadhaa, akaona wingi wa watu, akaenda zake. Kisha umati ukagawanyika kupisha msafara wa Msemaji Mkuu, akiwa na joho lake na salamu za Mfalme. Alitangaza kwamba marehemu ametunukiwa cheo cha Mama wa Hewa Safi, kwamba kilabu cha mtoni kitaitwa kwa jina lake, na kwamba Mtukufu anaiomba familia ikubali heshima hiyo. Alisema vizuri. Alilia pia, na mimi sina ushahidi kwamba yale machozi yalikuwa ya uongo.

Alipomaliza aliinama, akachota udongo kwa mikono miwili ili autie kaburini kama ndugu.

Binti akamshika mkono.

"Weka chini," alisema.

"Mwanangu, huyu alikuwa dada yangu. Nina haki ya kumzika."

"Wewe ulishamzika barazani, akiwa hai, tukawa tunapiga vigelegele. Maiti hazikwi mara mbili."

Nguchiro aliwageukia waombolezaji, akitafuta hata uso mmoja wa kumtetea. Wahudumu walikuwa wameshika majembe na hawakumtazama. Akabaki amesimama pale na udongo mikononi, mvua ikamnyeshea na kuutiririsha kupitia vidole vyake mpaka ukaisha, naye hakuambiwa na mtu yeyote aondoke wala abaki. Watu waliendelea kuzika.